Lifti Juu ya Sakafu ya Zizi

Mume wangu ni fundi wa magari hapa karibu na Kapkatet tangu kabla hatujaoana, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimezungumza na viatu vyake. Nikimpelekea chai gereji, nakuta gari limeinuliwa kwa jeki, magogo ya mkaratusi yamesukumwa chini kulishikilia, na gambuti mbili zimechomoza upande mmoja. Naziuliza gambuti kama daktari wa ng'ombe ameitwa. Sauti inajibu kutoka chini ya gari.

Halafu mgongo wake ukaanza kukataa. Asubuhi alishuka kitandani kwa magoti, kisha akashika dirisha ndipo asimame. Daktari alimwambia aache kulala kwenye sakafu baridi, la sivyo aiache kazi yenyewe. Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Niliogopa, na mimi nikiogopa hununua vitu.

Nilikwenda Nakuru kuchagua mwenyewe lifti ya kuinulia magari, kwa kuwa yeye hana subira na wauzaji. Kulikuwa na ya nguzo nne, ambayo gari huipanda kama daraja, na ya nguzo mbili, ambayo hulishika gari kwa mikono minne na kuacha magurudumu yakining'inia. Kazi yetu nyingi ni magurudumu, maana pikapu zinazobeba majani ya chai hupita barabara za Mogogosiek na barabara hizo hazimhurumii mtu. Nikachagua nguzo mbili. Nikaongeza mashine ya kuvua tairi na ile ya kubalansi magurudumu, ingawa mume wangu husema nusu ya magari yanayotetemeka yana tope tu lililokauka ndani ya rimu, na dawa yake ni maji na brashi. Lakini mteja haheshimu brashi.

"Na floor yako, madam?" muuzaji akauliza. "Iko level? Iko thick?"

"Hiyo usiulize. Nilisimamia mwenyewe. Hata tone la maji halikai."

Akaandika.

Hapa kwetu mtu akimwaga sakafu humwaga ile anayoijua, nayo ni ya zizi: nyuma juu kidogo, mteremko hadi mlangoni, mfereji mbele, na zege la kutosha kubeba ng'ombe watatu. Mvua huja karibu kila alasiri, na mwenye sakafu isiyoteremka huonekana mvivu. Gereji ilipojengwa niliwasumbua waashi mpaka ndoo ya maji iliyomwagwa nyuma ikatoka yote nje. Nilijivuna sana siku ile.

Mafundi walioleta lifti waliweka pimamaji chini. Kiputo kikakimbilia pembeni, kikakaa huko. Wakatoboa tundu la kwanza, na drili ikazama upesi ikarudi na udongo mwekundu.

"Nani alimwaga hii?"

"Mimi," nikasema.

"Mama anapenda ng'ombe," mume wangu akawaambia. Akarudi chini ya gari, na hilo ndilo lililoniudhi.

Ilibidi kuchimba mashimo mawili ya nguzo, kufunga vyuma, kumwaga zege nene lililo sawa, kisha kungoja mwezi mzima kabla ya kuweka uzito. Nguzo zikalazwa kando ya ukuta. Mwezi huo mume wangu aliendelea kulala chini, na maji yaliyodondoka kutoka kwenye magari yalipita chini ya mgongo wake yakielekea mlangoni, vizuri kabisa, kama nilivyoagiza. Nilimtandikia magunia. Niliona aibu. Nilipeleka chai mara tatu kwa siku badala ya mara moja.

Siku ya kwanza tuliinua pikapu ya majani. Ilipanda polepole, ikasimama juu ya vichwa vyetu. Mume wangu, aliyelala chini ya magari yaliyoshikiliwa na magogo miaka yote hiyo, alibaki kando, mikono nyuma.

"Mama, hii chuma sijaizoea. Gogo najua, nilikata mwenyewe."

"Na hii simiti nimemwaga mara mbili," nikamjibu, nikaingia chini mimi kwanza. Tope likanidondokea kwenye kitambaa cha kichwa. Niliogopa, ila sikutoka.

Akaja. Akagusa ekseli, akatikisa gurudumu, akachukua spana. Nilirudi nyuma nikamimina chai. Kumbe akikaza nati hutoa ncha ya ulimi, kama mtoto anayejifunza kuandika. Nimezaa naye watoto wanne na sikuwa najua hilo. Nilitaka kumuuliza kama daktari wa ng'ombe ameitwa, na kwa mazoea nikainama kuziuliza gambuti.

"Niko huku juu," akasema.