Siku Niliyolikatia Soko Simu

Mwaka ule polisi walipokuwa wakikagua pasipoti kila kona ya Xiaobei, mtaa wetu Waafrika mjini Guangzhou, mimi nilikuwa na matatizo mawili: viza inayoongezwa siku thelathini thelathini, na hisa zinazoporomoka. Hisa nilizinunua Hong Kong, kwa wakala wa soko la hisa, safari moja niliyokwenda kutafuta viza. Ilikuwa faida yangu yote ya miaka mitatu ya kuuza jinzi, na ndiyo iliyokuwa duka langu la Mwanza, ambalo halijajengwa bado. Zikiisha, ningerudi nyumbani mikono mitupu, tena labda kwa kufukuzwa.

Kijana mmoja wa Kizanzibari niliyemwita mdogo wangu, aliyekuwa akisomea uchumi huko kwa ufadhili, ndiye aliyenionyesha njia. Uza hisa, akasema, ununue haki: haki ya kununua hisa zilezile kwa bei ya leo, siku yoyote ndani ya miaka miwili. Unailipia ada. Hisa zikipanda, unaitumia. Zikizidi kuanguka, unaiacha, ada imekwenda, lakini pesa nyingine yote unayo. Nikacheka. Huko Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, mbona tuliacha arbuni kila siku ili laoban, bosi wa kiwanda, asipandishe bei mpaka turudi? Kumbe wenzetu wanalisomea chuo kikuu!

Kazi ilikuwa kujua siku ambayo bei imegusa chini na inakaribia kupanda. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Nilitakiwa nisimame hapo katikati. Yeye alichora mistari ya bei kwenye daftari. Mimi nilikwenda Xintang kuwaangalia malaoban. Walipokuwa wakinifuata na mafurushi hadi kwenye basi, nilijua hofu haijaisha. Asubuhi moja nikafika, laoban akanitazama, akaendelea kula tambi zake. Bei? Ileile. Punguza kidogo? "Mei you," hakuna. Nilitamani kumbusu: hofu imekwisha, siku ndiyo hii. Nikarudi mbio hadi jengo la Tianxiu, kwenye ofisi ya msafirishaji wa makontena nilikopanga meza, mdogo wangu akiningoja, nikapiga simu Hong Kong.

Dada wa ofisi ya wakala akauza hisa zangu zote. Kisha akanitajia ada ya ile haki.

"Tai gui le," nikamwambia. Ghali mno.

"Mama, hii ni bei ya soko. Haipunguzwi."

"Basi kwaheri." Nikakata, nikakaa kumsubiri. Sokoni ndivyo ilivyo: ukipiga hatua tatu kuelekea mlangoni, utaitwa.

Mdogo wangu alishika kichwa. "Dada, umefanya nini weye? Hisa ushauza, haki hujanunua! Soko likiruka sasa hivi, huna lako!"

"Ataniita."

"Hakuiti! Yule hana duka!"

Dakika zikapita, simu kimya. Nikaliona duka la Mwanza likiondoka na mabati yake. Ujanja wote ukaniishia. Nikapiga mwenyewe, kwa sauti ya mtoto aliyevunja bakuli.

Ada ilikuwa imeshuka. Si sana, lakini imeshuka! Nilinunua kabla dada hajamaliza kuitaja. Nikaruka, nikaimba pambio, nikamzungusha mtoto wa watu mpaka miwani ikamdondoka.

"Si wewe uliyeishusha," alisema, naye hana mbavu kwa kicheko. "Ni bahati tu. Usirudie!"

"Soko limeniogopa," nikamwambia. Nilijua ni uongo, na ulikuwa mtamu.

Tulikuwa tungali tunacheka polisi wawili walipoingia. Mdogo wangu akatoa karatasi zake za chuo, mimi nikatoa pasipoti. Mmoja akaifungua, akaniwekea kidole kwenye tarehe ya viza, akaniinulia vidole vyote kumi. Siku kumi, halafu ondoka. Jana yake tu ningemlilia. Sasa ada nilikuwa nimeshailipa, pesa iliyobaki ilikuwa salama, na haki yangu ilikuwa hai kwa miaka miwili, niwe Guangzhou au Mwanza. Anifukuze, nitaondoka na duka langu. Nikamwambia asante kwa Kichina, kwa furaha kubwa kiasi kwamba alinitilia shaka, akaifungua pasipoti akaikagua upya, ukurasa kwa ukurasa.