Mwavuli wa Ndugu Eustace

Ndugu Eustace alikuja kutupimia majaruba ya mpunga mwaka sabini na nne, kijiji chetu kilipohamishiwa bondeni, upande wa Kisaki. Alikuwa na mwavuli mmoja, na hakujifunika nao hata siku moja. Aliifunika darubini yake ya kupimia. Yeye aliungua jua mpaka shingo ikababuka.

Watu walimcheka. Mimi nilimwombea, maana jaruba langu lilikuwa la mwisho kabisa kutoka mferejini. Mume wangu alikuwa ameshafariki na watoto walinitazama mimi. Vipimo vikikosewa kidogo tu, maji yangeishia kwa wenzangu.

Alipima asubuhi na mapema, kisha jioni. Mchana alilala kivulini, na hilo lilimkera Mwenyekiti Mikidadi. Kengele ya shamba la ujamaa ikilia, kila mtu kazini.

"Ndugu Eustace, hapa hakuna wa kulala wenzake wakilima."

"Ndugu Mwenyekiti, joto likipanda hewa inachezacheza juu ya udongo. Namba za ule ubao wa vipimo ninaoutazama kwa darubini zinarukaruka, sizisomi sawasawa."

"Namba zinacheza ngoma?"

Watu wakaangua kicheko. Basi akapima mchana, kwa amri. Vigingi vya kuonyesha kimo cha udongo vikapigwa mpaka kwangu, tukaanza kumwaga udongo kuvifikia.

Kesho yake ukungu wa Uluguru haujainuka vizuri, nikamkuta anang'oa vigingi jarubani kwangu.

"Mama Ester, nimerudia kupima. Hivi vimekaa juu kwa upana wa kiganja. Maji yasingekufikia."

"Utamwambia nini Mwenyekiti?"

"Kwamba nimekosea."

Akasema hivyo hivyo mbele ya kijiji kizima. Amri hakuitaja. Watu walimzomea, wakamwita mvivu asiyejua kazi, naye akachukua jembe akauondoa ule udongo pamoja nasi. Mikidadi alikosa pa kuweka uso. Tangu siku hiyo kengele haikumhusu tena mpimaji.

Masika yalipofika, Eustace alikuwa ameshapelekwa kwingine. Tulifungua mfereji, maji yakapita jaruba kwa jaruba, nami nimesimama pekupeku kule mwisho mpaka yakanifunika vidole. Nililia bila kuona haya. Asante, Ndugu Eustace, nilisema, huko uliko.

Tulipovuna nikapika wali. Watoto walikula wakashiba, wakaacha ukoko chunguni. Nyumbani kwangu ukoko ulikuwa haujawahi kubaki.