Gego Langu Kwenye Kibanja

Mimi sina subira, wala sifichi. Wanafunzi wangu wa hesabu hapa Bukoba wanalijua hilo: wakilikodolea macho swali kwa dakika mbili bila jibu, nalimaliza mwenyewe ubaoni. Sasa fikiria nilivyoteseka mwaka ule niliokaa na shimo kwenye taya, nikisubiri mfupa uote.

Uvimbe ulikuwa umejificha chini ya gego la mwisho, upande wa kushoto. Daktari wa meno aliutoa pamoja na gego lenyewe, akashona, akasema mfupa utaota polepole. Polepole hiyo ilinitoa roho. Nasahihisha madaftari, ulimi uko shimoni. Naongea na mama mwenye nyumba wangu pale Kashai, ulimi uko shimoni. Miezi ilipita nakula uji na ndizi za kuponda, maana taya lilikuwa limebaki jembamba, na daktari alishanionya kwamba nikitafuna kigumu linaweza kuvunjika. Mwalimu aliyefungwa taya kwa waya anafundisha nini? Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo.

Picha ya tatu ya eksirei haikuonyesha jipya. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaishusha, akaiinua tena, na mimi mguu unanicheza chini ya kiti. Ndipo akaniambia kuna njia aliyojifunza. Gego la mgonjwa mwenyewe linasafishwa kwa dawa, linasagwa kuwa chembechembe, linajazwa kwenye shimo. Jino na mfupa ni ndugu, alisema. Mwili unazikuta zile chembe na kujenga mfupa wake juu yake. Nikamuuliza kuhusu seli shina nilizosoma kwenye simu, zile zinazotolewa ndani ya jino ili zioteshe mfupa. Akacheka.

"Hizo bado ziko maabara huko mbali, mwalimu. Mimi nina kinu tu. Gego lako liko wapi?"

Siku ya upasuaji mama alikuwa amekuja kutoka kwetu Buganguzi, akaliomba kwa nesi. Kwa mama yangu kitu cha mwili hakitupwi jalalani. Kitovu changu kimefukiwa kwenye kibanja chetu, chini ya migomba, na baba amelala humohumo. Alilifunga gego kwenye leso, akasema analipeleka kwa baba. Mimi nusu ya uso ilikuwa imekufa ganzi, nikaitikia tu kwa kichwa.

"Kama limekaa pakavu, linafaa," daktari alisema. "Kama limekaa kwenye udongo muda wote huu, siahidi kitu. Na hayo meno mengine yote yana kazi, siwezi kukung'oa jino zima."

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa Buganguzi kabla umande haujakauka. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Neno langu la kwanza lilikuwa, "Lile gego umelizika wapi?"

Alinitazama, akaendelea kumenya. "Mtu akifika kwa mama yake huanza na shikamoo."

Nikasema shikamoo, lakini jembe nilikuwa nimeshalichukua mlangoni. Akaitikia marahaba, akachukua ndizi nyingine.

Nilianzia kando ya kaburi la baba, kwa kuwa ndiko alikosema analipeleka. Nilichimba, nikapekua udongo kwa vidole, sikuona kitu. Nikasogea, nikachimba tena, nikakata mizizi ya mgomba usiokuwa na kosa lolote. Nilikuwa na hasira na mama, na daktari, na hata baba kwa kulala kimya wakati nahangaika. Zaidi ya hasira nilikuwa naogopa. Kila nilipouma meno ili nipige jembe kwa nguvu, nilikumbuka taya, nikaachama haraka. Ungenikuta pale ungedhani nimerukwa na akili.

Niko kwenye shimo la nne, mama akaja na kopo la maziwa ya unga, akaliweka juu ya nyasi. Ndani mlikuwa na chumvi, na katikati ya chumvi ile leso. Nikaifungua. Gego langu lilikuwa humo, kavu, safi.

"Umeniacha nichimbe," nilimwambia.

"Ulikuja umefura. Ungesikia nini?"

Nikamuuliza kwa nini alinidanganya kwamba analileta kwa baba. Akasema hakunidanganya. Siku aliyorudi nalo alichukua jembe akaja mpaka hapa, akapiga pigo moja. La pili mkono ukakataa.

"Hapa ndipo nilipomzika baba yako," alisema. "Na wewe nilikuacha kule umevimba uso, hata kuongea huwezi. Nikaona nikilifukia, nitakuwa nimeanza kukuzika."