Nilimwambia Bibi ni karatasi ya korosho

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu hamjambo. Admin, ukiweka kisa hiki ukurasani usiandike hata herufi ya kwanza ya jina langu, huku kwetu tunajuana. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Naishi Newala na Bibi mzaa mama pamoja na Mama mdogo. Mama yangu alishafariki. Mimi si muongeaji, hata kanisani nikiambiwa nisome somo natetemeka, ndiyo maana naandika.

Bibi yangu alikuwa kungwi. Mabinti wa vijiji vitatu wamepita mikononi mwake. Mimi nilifundwa kwa utaratibu wa kanisa, kwa hiyo mengi ya unyago wake siyajui. Zamani alikuwa akinitania, "Mke mwenzangu, mume wetu ndiyo kafa, nani atatupasulia kuni?" Tangu mwaka juzi ameanza kusahau. Anaficha ufunguo wa kisima cha maji ya mvua ndani ya chungu cha unga, halafu anatuita wezi. Majirani wanasema amechezewa kichawi. Mimi nilihisi ni ubongo.

Basi niliposikia kuna kozi Masasi kwa waliosoma hisabati, nilifurahi mno. Tulifundishwa kuandika programu za kompyuta zinazosikiliza mzee anavyoongea na kupima anavyosita akitafuta neno, ili watafiti wajue mapema maradhi yanayokula ubongo polepole. Watakaofanya vizuri watasomeshwa mwaka mzima Dar. Sharti ni kila mmoja alete rekodi za mzee wa kwao akiongea lugha aliyoizoea, na karatasi ya ridhaa yenye dole gumba lake.

Hapo ndipo nilipokosea. Siku hizi Bibi hataki karatasi asiyoijua. Ila karatasi za korosho za chama cha ushirika ametia dole maisha yake yote. Nilipomletea alinikazia macho.

"Hii ya nini?"

"Ya korosho, Bibi."

"Mapema hivi? Mikorosho si ndiyo kwanza inapuliziwa?"

Nikamsogezea wino. Akacheka, "Haya, basi lete kidole chako, changu kimechoka kusainia watu." Kisha akatia chake.

Nilimrekodi jioni tatu akipukuchua mbaazi. Jioni ya tatu alidhani mimi ni mwali wake, akaanza kunifunda. Aliimba, akasita akitafuta neno, akaimba tena. Chimakonde chake ni cha zamani, mengi sikuyaelewa. Nikaona ni nyimbo tu, nikapeleka.

Wiki ya pili mwalimu wa kozi aliicheza rekodi hiyo kwenye spika darasani ili tupime sekunde za kusita. Zaidi ya nusu yetu ni wavulana. Mama anayetupikia chai alikuwa akikusanya vikombe. Akasimama. Alitutazama wasichana mmoja mmoja, akauliza, "Huyu mzee ni wa nani humu?" Nikainamia daftari langu, nikaendelea kuandika sekunde. Mwalimu akasema, "Mama, tuko kwenye kipindi." Yule mama akatoka, vikombe akaviacha mezani.

Nilimfuata mwalimu, nikamwomba ile ya tatu ifutwe, maana karatasi inasema familia inaweza kuomba. Akafunga kompyuta yake haraka.

"Jina lako lipo kwa wanaokwenda Dar, na umechaguliwa kwa kazi uliyofanya kwenye rekodi hiyo. Unataka kuifuta?" Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi yako ana wenzake wa rika lake wanaoimba hivyo?"

Tangu hapo simwamini. Wenzake wa nini? Nikimuuliza sauti zinahifadhiwa wapi, anajibu "mahali salama," basi. Wakati mwingine najiambia huyu anapenda kazi yake tu, na mimi ndiye nimekuwa kama Bibi, kila mtu namwona mwizi.

Niliporudi nyumbani Jumamosi, kozi ilipokwisha, Mama mdogo alikuwa ameshapata habari; kumbe yule mama wa chai aliulizia mpaka akajua ni wa kwetu.

"Wewe mtoto, umemuuza mama yangu?"

"Hapana, Mama mdogo. Wanatafuta dawa ya ugonjwa wake."

"Dawa gani hiyo inatafutwa kwenye mambo ya ndani ya wanawake? Na dole aliweka nani?"

Nikasema Bibi mwenyewe. Hilo ni kweli. La korosho sikulisema, nimelisema kwenu tu. Sasa kila nikishika simu anasimama nyuma yangu.

Jumapili, Mama mdogo akiwa bado kanisani, nilimfungulia Bibi ile rekodi anieleze maana yake, nijue nimetoa nini. Alisikiliza kidogo tu, akanikamata mkono kwa nguvu.

"Nani huyu mwanamke?"

Nilishindwa kumwambia ni wewe.

"Anaropoka mambo ya ndani, na nje kuna watoto wa kiume! Alifundwa na nani huyu?" Kisha akasema kwa upole, kama zamani, "Mke mwenzangu, nenda kamwambie anyamaze. Akikataa, niite mimi."

Ijumaa hii natakiwa kuthibitisha nafasi yangu. Masharti yanasema rekodi iliyopatikana kwa uongo inatolewa, na aliyeileta anaondoka nayo. Nikikiri, Dar sendi tena. Nikinyamaza nitasoma, huenda siku moja nikamfaa mzee wa mtu mwingine, lakini sauti ya Bibi itabaki kwa watu nisiowaamini, ikisema alichokitunza maisha yake yote.

Jina langu analisahau. Lakini swali moja halisahau. Kila asubuhi nikimpelekea uji ananiuliza, "Yule mwanamke ameshanyamaza?" Nami namjibu, "Ndiyo, Bibi," nikimdanganya kama siku ya karatasi.

Ndugu zangu, kesho asubuhi ataniuliza tena. Nishaurini, nimjibu nini yeye, na Ijumaa niwajibu nini wale?