Nilivyoicheza Ngoma ya Karema Kabla ya Wenyewe

Ipo Jumamosi moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka wakati nakunywa uji, uji unanipalia. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Mpanda, mimi kijana mwenye suruali moja ya maana na mdomo wa watu sita. Shule nilikuwa nimeiacha katikati, au yenyewe ndiyo iliniacha, hilo mimi na mwalimu wangu hatukuwahi kukubaliana. Jina langu la nyumbani hakuna aliyelitumia. Mji mzima uliniita Redio Mbao, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni sifa.

Sasa, kulikuwa na nyumba ya sanaa ya jamii, jirani na soko. Nikisema nyumba ya sanaa usifikirie mataa na mapazia. Lilikuwa ghala la zamani la tumbaku. Ukikaa mule ndani nusu saa, unatoka unanukia kama babu mwenye kiko. Mwalimu Oresto, mwalimu wa muziki aliyestaafu, ndiye aliyeliomba kwa watu wa ushirika. Akalipiga chokaa, akaweka jukwaa la mbao na mabenchi ya kuazima kanisani, na vijana wakawa wanajifunza humo ngoma, gitaa na kwaya. Mimi nilijaribu vyote. Ngoma ilinishinda mikono, gitaa likanishinda vidole, kwaya ikanishinda kunyamaza wakati wengine wanaimba. Mwalimu hakunifukuza. Alinipa spika ya kushika mkononi, akasema, "Wewe kazi yako kutangaza. Hapo hutaharibu kitu."

Maskini Mwalimu Oresto.

Mwaka huo tumbaku ilikubali sana, watu wa ushirika wakakosa pa kuiweka. Wakaja wakamwambia Mwalimu kwa adabu kwamba ghala lao wanalitaka. Mwalimu akawasihi, akawasihi, mwisho wakapatana hivi: Jumamosi kuna onyesho kubwa. Wakija wakakuta watu wamejaa, ghala linabaki nyumba ya sanaa. Wakikuta mabenchi yanaangaliana, Jumatatu marobota ya tumbaku yanaingia. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea watu waje, na kuwaita watu ilikuwa kazi ya nani? Ya huyu huyu anayekusimulia.

Onyesho lenyewe lilikuwa zito. Kwaya kutoka Sitalike ingefungua, halafu bendi yetu ya hapa mjini, halafu kilele chake: akina mama wa Karema, kule ziwani, na ngoma yao ya mavuno, ambayo watu wa mjini walikuwa wanaisikia tu kwa habari. Mwalimu alinituma Karema kuwaalika. Nikapanda lori linalokwenda kubeba dagaa, nikawakuta akina mama wako mazoezini. Nikaangalia mwanzo. Halafu ikanijia harufu ya samaki wa kukaanga kutoka nyumba ya jirani, nikaifuata. Kwa hiyo ile ngoma niliisoma kama nilivyosoma shule, nusu.

Kiongozi wao alikuwa Bibi Skola, mama mtu mzima, mfupi, macho yake ya kukagua. Aliniambia, "Mjukuu wangu, ukifika waambie tunakuja. Basi."

"Nitawaambia, bibi. Nitawaambia mpaka wachoke!"

"Sijasema wachoke. Nimesema tunakuja."

Nikaitikia ndiyo bibi, huku natoa mwiba wa samaki kwenye meno.

Kazi ya kutangaza tulikuwa wawili, mimi na Jilala. Jilala kijana wa Kisukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe, mwenzetu akapenda ngoma kuliko ng'ombe, ikawa kesi nyumbani. Miguu yake kama mihimili, maneno hana. Ukimsalimia asubuhi anakujibu mchana. Yeye anaendesha baiskeli, mimi nimekaa kwenye keria, nimeangalia nyuma, spika mdomoni.

Siku ya kwanza nilitangaza vizuri tu. Jumamosi, saa kumi alasiri, nyumba ya sanaa, wakubwa kwa wadogo wote waje. Watu wakaniangalia, wakaendelea na shughuli zao. Mwanangu, kwa mtu mwenye ugonjwa wa kupenda kuangaliwa, hakuna kinachouma kama mtu akuangalie halafu arudi kumenya muhogo. Kesho yake, mtaa wa Makanyagio, nikaongeza kidogo. Nikaimba kibwagizo cha kwaya. Watoto wakakusanyika. Nikaimba sauti ya kwanza, nikaimba ya pili, nikaimba na besi mpaka shingo ikanivimba. Akina mama wakatoka ndani. Nikapiga gitaa la bendi kwa mdomo, solo na ridhimu. Nikapigiwa makofi. Ee! Nikalewa.

Stesheni ndiyo nilimaliza kabisa. Treni ilikuwa imechelewa kama kawaida yake, abiria wamejaa na mizigo yao, hawana pa kwenda. Mtu kama mimi ukimpa watu wasio na pa kwenda, umemuua. Nikamwambia Jilala asimamishe. Nikaazima kanga kwa mama mmoja muuza karanga, nikajifunga kiunoni. Nikaazima na ndoo, nikampa Jilala apige. Nikaicheza ngoma ya Karema mpaka mwisho. Ule mwanzo nilioujua nikaucheza, na ule mwisho nisioujua nikautunga pale pale. Nikakata kiuno, nikabinuka, nikatambaa, nikajigaragaza kama kiboko aliyeona tope baada ya kiangazi. Watu walicheka mpaka stesheni masta akatoka ofisini anakimbia, akidhani kuna ajali.

Njiani Jilala akasema neno lake la siku hiyo. "Kaka, sasa Jumamosi wataona nini?"

"Wataona hayo hayo, ila mengi!"

Akakanyaga pedeli. Nami nikarudia mtaa wa Kashaulili, nikarudia sokoni, nikarudia kila walipokaa watu wawili, mpaka Ijumaa jioni sauti ikawa kama ya bata.

Jumamosi ikafika. Akina mama wa Karema wakaja juu ya lori, wananukia dagaa, kila mmoja na njuga zake kazifunga kwenye kitambaa, na ile ngoma yao imekaa mbele na dereva kama mheshimiwa. Kwaya ya Sitalike imefika, imevaa. Bendi imekaza nyuzi. Saa kumi ikapiga, ndani hakuna mtu. Tukangoja. Baadaye kidogo akaingia mbuzi, na mwenye mbuzi nyuma yake, na huyo mwenye mbuzi alikuwa anamfuata mbuzi.

Watu wa ushirika wao walifika. Alikuja karani wao na futi ya kupimia. Akapiga hodi kwa adabu, akaanza kupima sakafu. "Msinijali," akasema, "nyie endeleeni tu." Mwalimu Oresto alikuwa amesimama mlangoni na tai yake, anafuta miwani ambayo haina vumbi.

Nikatoka mbio mpaka sokoni. Wa kwanza kumkuta alikuwa yule mama muuza karanga, mwenye kanga.

"Shikamoo mama! Mbona hamji? Onyesho limefika!"

"Marahaba. Onyesho gani tena?"

"La akina mama wa Karema!"

"Hilo si nimeshaliona? Na kanga si ilikuwa yangu? Nimeifua wee, uchafu wa stesheni hautoki."

"Mama, ule ulikuwa mfano tu!"

Akamgeukia mwenzake wa vitumbua. "Mama Zena, sikia, eti ule ulikuwa mfano!"

"Mfano?" Mama Zena akaweka mwiko chini. "Mwambie mimi mfano umenitosha. Mbavu zinaniuma mpaka leo. Nikaone na yenyewe nife? Wanangu atanilelea nani?"

Kinyozi naye akatoa kichwa kibandani. "Redio, usiwe na tamaa bwana. Kwaya tumeona, bendi tumeona, ngoma tumeona. Leo tukakae kwenye mabenchi kuangalia vile vile? Labda kama umeongeza mengine."

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Wale watu hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wamefurahi, wametosheka, na wananishukuru.

Nikarudi nimeinamisha kichwa. Nikamweleza Mwalimu na Bibi Skola ukweli wote, pamoja na kiuno na tope. Mwalimu akakaa chini. Bibi Skola akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele.

"Ulijifunga kanga?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukabinuka?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwenye ngoma ya mama yangu mzazi ukatambaa chini?"

"Kidogo tu, bibi."

Akina mama wenzake walikuwa wamegeukia ukutani, mabega yanatetemeka. Nilidhani wanalia. Kumbe wamejiziba kanga mdomoni, wanakufa kwa kicheko. Bibi Skola hakucheka. Alikwenda akavuta benchi moja, akaliweka katikati, mbele ya jukwaa.

"Kaa hapo."

"Bibi, lakini watu hakuna."

"Wewe ni mbuzi? Tumetoka Karema kucheza, tunacheza. Na huo mdomo, nikiuona umefunguka, nashuka."

Nikakaa. Yule karani wa futi akaambiwa asogee, akasogea.

Mwanangu, ile ngoma haikuwa na kiuno hata kidogo. Waliingia mmoja mmoja, wamenyooka, kama kila mmoja ana mtungi kichwani na mtungi wenyewe hauonekani. Miguu tu ndiyo ilikuwa inasema. Njuga zikaanza kidogo kidogo, kama mvua inayojaribu bati, zikaongezeka, lakini nyuso zao zimetulia, mikono imetulia. Bibi Skola anapiga ngoma kwa viganja, taratibu, mpaka nikasikia kifua changu kinamfuata. Halafu ikafika pale ambapo mimi nilijigaragaza. Pale wao walisimama ghafla, wote. Njuga kimya, ngoma kimya. Wakainua nyuso juu, wakakaa hivyo. Hata karani aliacha kupumua. Kisha mguu mmoja, mmoja tu, ukapiga chini, wakaanza tena wote kwa pamoja.

Usiniulize kama nililia. Lile ghala lilikuwa na vumbi la tumbaku, vumbi lile likiingia machoni ni taabu.

Jilala alikuwa mlangoni, ameshika baiskeli. Walipoanza tena baada ya ule ukimya, akaiachia baiskeli ikaanguka, akatoka. Mimi sikumwona, nilihadithiwa na kinyozi. Anasema Jilala alifika sokoni bila spika, akasimama katikati, akasema, "Jamani."

Soko likatulia. Kuna waliokuwa wanadhani yule kijana ni bubu.

"Nini, Jilala? Kuna nini huko?"

"Sijui niseme nini," akasema. "Nyie njooni." Akageuka, akarudi mbio asije akakosa.

Hayo tu, mwanangu! Kinyozi akamwacha mteja na nusu ya kichwa. Mteja naye akatoka na nusu yake hiyo hiyo. Mama Zena akaacha vitumbua kwenye mafuta, akarudi kuviepua, akaacha tena. Mimi nimekaa kwenye benchi langu, naona nabanwa kulia, nabanwa kushoto, siwezi kugeuka kwa kumwogopa bibi. Nasikia tu nyuma yangu:

"Mbona siyo ile ya Redio?"

"Nyamaza."

"Ile ya Redio basi ulikuwa ugonjwa."

"Nyamaza wewe, tuone!"

Walipojaa mpaka madirishani, Bibi Skola akasimamisha ngoma, akasema wageni wamefika, tuanze upya. Kwaya ikaimba, bendi ikapiga, na wale akina mama wakacheza yote kutoka mwanzo. Karani alikuwa amebanwa ukutani, futi yake imekanyagwa na watu, hata kuikunja haiwezekani. Mwisho akampigia Mwalimu kelele juu ya vichwa vya watu: "Mwalimu! Jumamosi ijayo mna nini?"

Mwalimu akafungua mdomo kumwelezea, akanitupia jicho, akaufunga. "Uje uone," akasema.

Marobota yalitafutiwa kwingine.

Kabla lori halijaondoka Bibi Skola aliniita pembeni. "Mjukuu wangu, una kipaji."

"Asante, bibi!"

"Sijamaliza. Kipaji chako ni kuchekesha watu. Siku moja kipandishe jukwaani, watu wakae, wakuangalie wewe, wacheke. Lakini mimi nilikutuma neno tunakuja. Lilikuwa neno gumu?"

"Hapana, bibi."

"Basi likitosha, usiliongezee." Akanipa mkono, akapandishwa kwenye lori, na wenzake wakaanza kucheka upya, nikawasikia mpaka walipokata kona.

Sasa wewe mwanangu, nakuambia mimi niliyekuzidi miaka na kukuzidi makosa. Nyie wa siku hizi mna simu, spika yangu ilikuwa mchezo. Kijana hajachimba msingi, nyumba ameshaionyesha kwa watu wote. Binti hajamaliza mazoezi, wimbo mji mzima unaujua. Ukipigiwa makofi ya kitu ambacho hujakifanya, mwili unadhani umeshamaliza kazi, unalala, na watu nao wanadhani wameshaona, wanabaki kumenya muhogo. Ukiwa na jambo lako, waambie watu siku na mahali, halafu rudi mazoezini. Na likiwa jambo la mwenzako, hasa la mtu aliyekuzaa au aliyemzaa aliyekuzaa, kwanza liangalie mpaka mwisho. Usikimbilie samaki. Ukishaliona lote, huenda na wewe ukakosa la kusema, na hapo ndipo watu watakuamini.

Mungu akupe pumzi ndefu na subira ya kuitunza. Siku yako ikifika ikukute una nguvu zote, na wazee wako wawepo wakuone. Nenda salama, mwanangu, ubarikiwe.