Sombe Bila Mawese, kwa Ajili ya Nyonga za Mbwa

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa magoti ya kukimbilia tulipokuwa wadogo, na magoti yalipochoka akatuachia ulimi wa kusimulia. Namshukuru kwa kilichobaki na kwa kilichokwisha.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo hapa Kindu, saa tulizijua kwa adhana na kwa honi ya treni. Alfajiri tulikuwa kwenye chuo cha Kurani, mbao za kuandikia zimelala mapajani, na mwalimu wetu akipita nyuma ya migongo yetu na fimbo ambayo aliitumia mara chache lakini hakuisahau nyumbani hata siku moja. Mchana tulikuwa mtoni tukishindana kuzamia, na jioni tulirudi tukifuata harufu. Mama alikuwa akitwanga majani ya muhogo tangu jua lingali juu, kisha anayapika polepole, na mwisho anamimina mawese mpaka chungu kizima kinang'aa. Tulikula sombe hiyo na wali mpya, vidole vikabaki vyekundu hadi kesho yake. Siku ambayo mafuta yalipungua, Mama alikataa kupika kabisa. Alisema, "Sombe bila mawese ni chakula ya mbuzi." Ninyi wenzangu wa umri huu mnakumbuka. Wajukuu wetu leo wanakula biskuti wamesimama, macho kwenye simu, na ukiwauliza wamekula nini hawajui.

Katika mtaa wetu wa Waislamu mbwa hakuwa na mahali. Chombo alichokilamba kilioshwa mara saba, na moja ya hizo kwa udongo. Sisi watoto tuliwakimbia mbwa si kwa kuogopa meno, bali kwa uvivu wa kuosha. Lakini upande wa mama tulikuwa na babu, mwindaji, ng'ambo ya mto, njia ya Kailo. Kwake mbwa walikuwa watu wa nyumbani.

Mbwa wa huko hawabweki. Huwinda kimya, na kwa hiyo mwindaji humfunga mbwa wake kengele ya mti shingoni, apate kumfuata porini kwa sauti yake: ko-ko, ko-ko. Wakati wa kwenda, kabla ya kufika penye mawindo, Babu aliijaza kengele majani ili isilie. Wakifika aliyatoa, na hapo kazi ilianza. Jike lake kubwa, la rangi ya kutu, liliitwa Tutaona. Nilimuuliza Babu kwa nini jina hilo. Akanijibu, "Kila mara nikitoka, bibi yako anasema sitarudi na kitu. Mimi namujibu, tutaona."

Kisha vita ikaja, ile ya kwanza, ya utoto wetu. Watu wenye silaha walipoingia mjini, wazazi wetu walituvusha mto usiku uleule, na Babu akatuingiza msituni. Mwalimu wetu wa chuo, mzee asiye na watoto, alikuja pamoja nasi. Tulijenga kibanda cha majani na tukajifunza kuishi kwa kunong'ona. Majogoo yote yalichinjwa kwa sababu ya kuwika. Mbwa wa mjini waliowafuata wakimbizi wenzetu waliuawa kwa sababu ya kubweka, na kilio cha wenye mbwa kilizibwa kwa viganja. Tutaona aliachwa hai kwa kuwa hakuwa na sauti. Kengele yake ilishindiliwa majani, na Babu aliyabadilisha kila yaliponyauka.

Siku moja, asubuhi, mdogo wangu Zena alipotea. Alikuwa na miaka kama mitatu. Mama alikuwa amelala kidogo tu, baada ya kukesha na homa, na alipofumbua macho mtoto hakuwapo. Hapo ndipo nilipojua vita ni nini. Si milio ya bunduki. Ni mama aliyepoteza mtoto na asiyeweza kumwita jina, kwa sababu njia iko karibu, na watu wa silaha wanapita. Mama alisimama na mdomo wazi, na hakuna kilichotoka.

Babu alimfungua Tutaona kengele yote, maana hakuyaamini hata majani. Akampa kunusa kitambaa cha Zena, akamwachia. Mbwa aliingia kwenye vichaka na tukabaki hatuna hata ko-ko ya kutuambia yuko wapi. Tulikaa. Mwalimu alisoma moyoni, midomo ikitikisika. Jua lilipita juu ya miti likaanza kushuka. Ndipo Tutaona akatokea, tope hadi tumboni, akamvuta Babu kwa ncha ya nguo. Walimkuta Zena kando ya kijito, mbali sana kwa miguu ya mtoto, amelala, na uso wake umelambwa hata ukang'aa.

Sote tulimtazama Mwalimu. Mbwa, mate, uso wa mtoto. Akasema, "Mwosheni mtoto. Mbwa musimufukuze." Tangu siku hiyo, kila tulipokula, aliweka tonge moja juu ya jani mbele ya Tutaona, akitukumbusha wale vijana wa pangoni katika Kurani, waliojificha na dini yao, na mbwa wao amelala kizingitini.

Mama alituapisha tusilitaje jambo hilo. Aliona haya kwamba alisinzia. Tulikaa kimya mpaka akafa, na baada ya hapo kimya kikabaki mazoea. Zena mwenyewe hakukumbuka chochote.

Vita nyingine zilikuja, mnazijua, na zilituchukua wengi. Sisi tuliobaki tumezeeka. Zena ni mjane, ana wajukuu, na tunaishi naye kiwanja kimoja tangu mke wangu alipotangulia mbele ya haki. Yeye ndiye anayepika. Na jikoni kwa nje analala Vumilia, mbwa jike wa rangi ya kutu, niliyeletewa kutoka Kailo angali ananyonya. Nilimfunga kengele ya Babu. Kila alfajiri alinifuata hadi kona ya msikiti, akaketi hapo kuningoja. Haingii, mimi simwiti.

Mwaka huu kengele ilibadilika. Badala ya ko-ko, ko-ko, nilisikia ko, kisha kimya kirefu, kisha ko. Nyonga zilikuwa zimekaza. Asubuhi alihitaji muda mrefu kuinuka, na alipoinuka alitetemeka kama mimi ninapotoka kwenye sijida. Nikaona sisi ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Mwanangu hunitumia vidonge vya magoti, basi nikawa namkatia Vumilia nusu. Siku ya tatu alitapika damu.

Daktari wa mifugo ni kijana, ana adabu. Aliniambia taratibu, "Baba, hii dawa ni ya muntu. Tumbo ya mbwa haiiwezi. Ulikuwa unamuua na mukono ya huruma." Akaniambia iko dawa ya mbwa wenyewe, ya baridi yabisi. Haiponyi, inamsaidia kutembea. Atakunywa kila siku, mpaka siku zake ziishe. Hapa Kindu haipatikani, inatoka Goma kwa ndege. "Na kama sitaiweza?" nikauliza. Akatazama viatu vyake. "Basi, Baba, kuna sindano ya kumulaza asiamuke tena. Hatasikia kitu."

Mama Kavira ni mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, na mizigo yake hupanda ndege Goma kila mwezi. Nilimwendea. Sina pensheni ya maana, lakini nina michikichi minne nyuma ya nyumba. Tulipatana: mafuta yote ya michikichi hiyo yaende kwake, naye alete vidonge ndani ya makartoni yake. Alicheka mpaka akashika meza. "Papa, mimi nasali siku ya Mungu, wewe unasali ijumaa, mbwa hasali hata siku moja. Na ni yeye njo dawa yake inapanda ndege."

Dawa ilisaidia. Baada ya majuma mawili kengele ilirudi, si kama zamani, lakini ilirudi. Ila chungu chetu kilikauka. Zena alivumilia mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tatu alinijia na mwiko mkononi, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, kama tangu utotoni.

"Yaya, nyumba ya muzee wa msikiti inakula majani kama mbuzi. Majirani wanauliza. Niwaambie nini? Mafuta iko kwenye nyonga ya mbwa?"

"Waambie ivyo."

"Mama angekuwa hai angekupiga. Chagua, yaya. Mafuta ao mbwa. Uyu mbwa amezeeka, sindano haiumi."

Nilikuwa nimechoka, wenzangu. Nilichoka na magoti, na msikiti ambako wengine walinong'ona juu yangu, na kila mwezi kungoja ndege inayoahirishwa. Niliwaza kwamba pengine Zena anasema kweli, kwamba rehema nayo ina mpaka, na mpaka wangu ni michikichi minne. Nilifungua mdomo nimwambie sawa, amwite daktari. Badala yake nikajikuta ninasema, "Keti, Zena. Mama alitukataza kusema neno hili." Nikamsimulia yote: homa, kijito, kengele iliyofunguliwa, jua lilivyoshuka, uso wake uliong'aa.

Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu. "Mama hakuniita?"

"Hakuweza. Alifungua mudomo tu."

Akarudi kwenye kinu. Alitwanga siku ile mpaka majani yakawa uji.

Kesho yake sombe ilikuja vilevile, haina mafuta, ila ametia karanga. Nilipotafuta kidonge cha Vumilia kwenye kopo, sikukiona. Nilitoka nje. Zena alikuwa amechuchumaa mbele ya mbwa, na alikuwa amekificha kidonge ndani ya kichwa cha samaki, kile anachojiwekea yeye siku zote na hakuna anayethubutu kukigusa. Alinawa mkono kwa udongo, akahesabu kwa sauti mpaka saba, bila kunitazama.

"Usifikiri nimemupenda," akasema. "Nalipa nauli yangu ya kurudi."

Enzi zetu aliyepotea alitafutwa kimya, na kila mtu katika kibanda alijua ni nani hayupo. Leo mtoto anapotea akiwa ameketi sebuleni, kichwa kimeinama kwenye kioo cha simu, na hakuna mbwa wa kumtuma. Zamani mawese yalijaa na watu walijaa. Sasa chungu ni kidogo na wanaokizunguka ni wawili, na wa tatu yuko nje mlangoni. Najua itafika siku dawa hii isitoshe. Siku hiyo nitaijaza kengele majani kwa mkono wangu, kama Babu, isilie tena. Lakini leo alfajiri nilipokwenda kuswali niliisikia nyuma yangu, polepole, hadi kona ya msikiti.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulainishie maungio, akupe mwenza wa kula naye sombe kavu bila kinyongo, na siku utakapopotea, akutumie wa kukutafuta, hata kama hana sauti. Amina.