Zimamoto Yetu ya Ndoo, Likoni

Gari la zimamoto huja, silisengenyi. Lakini huku kwetu Likoni ndani njia ni mchanga mtupu, na makuti yakishika moto hayangoji mtu. Ndipo jirani yetu mmoja, mtu wa bara aliyefanya kazi kiwandani Changamwe na huko akafunzwa kuzima moto, akasema tuanzishe zimamoto yetu wenyewe. Mimi nilijiunga, sitasema uongo, kwa sababu mke wangu alichoka kuniona barazani.

Mali yetu ilikuwa ndoo, ngazi moja, na upembo, ule mti mrefu wenye kulabu wa kuangulia maembe.

Siku ya kwanza ya mazoezi tulipanga mstari toka kisimani. Ndoo haikufika. Kila kijana akimpa mzee ndoo, kwanza shikamoo. Mzee naye amuulize mamake hajambo, na mguu wake umepoa? Mimi mwenyewe nilimshika mmoja kwa habari za harusi ya dadake.

"Wazee, moto unawaka! Salamu baadaye!" akapiga kelele yule wa bara.

"Moto upi?" akajibiwa. "Mbona siuoni?"

Bi mkubwa wa nyumba ya pili alisikia, akaapa: "Wallahi, asiyejua salamu haingii kwangu." Nyumba hiyo ya makuti aliachiwa na marehemu mumewe. Hakuwa na pengine.

Mwezi haukwisha. Alasiri moja alikuwa akipika mahamri, cheche zikashika paa la jiko lake, na toka jiko mpaka nyumba ni hatua tatu. Siku hiyo ndoo zilikimbia, hakuna aliyemuulizia mama wa mtu. Lakini bibi amekimbilia ndani ya nyumba, hatoki. Yule wa bara akaenda mbio mpaka mlangoni, na hapo, kwa macho yangu nimemwona, akasimama.

"Hodi! Bibi, shikamoo!"

"Marahaba. Kelele za nini?"

"Jiko lako laungua, bibi. Toka!"

"Nalijua. Natafuta buibui langu. Nitoke kichwa wazi mbele yenu?"

Basi yule wa bara akachomoa kanga kambani kwetu, ya mke wangu hiyo, akaipenyeza mlangoni uso ameugeuza kando. Bibi akatoka amejitanda.

Sisi tukalivuta paa la jiko kwa upembo likaanguka chini, na la nyumba tukalimwagia maji, tukamwaga, tukamwaga. Jiko likaenda. Nyumba ikabaki.

Bi mkubwa akaizunguka, akagusa kuta, akaingia, akatoka.

"Mmenitia godoro maji," akasema.

Alilala kwetu siku tatu, godoro likikauka uani kwetu, akimfunza mke wangu kupika wali ambao mke wangu amepika miaka arobaini. Siku ya nne yule wa bara akambebea godoro kichwani kulirudisha, na bibi nyuma yake akimwelekeza kila kona: "Kushoto, mwanangu. Polepole. Hapo pana jiwe."